Bi Jaribio wa Mstari wa Kwanza

Fomu ya serikali haijali wewe ni nani. Ina visanduku vyake, vimechorwa huko makao makuu na mtu ambaye hutamjua maishani, na kazi yako ni kuingia humo ukae sawasawa. Ukizidi, umezidi. Ukipungua, utaulizwa kwa nini pako wazi. Bwana Milimita alikuwa ameifanya kazi ya kuwaingiza watu kwenye visanduku kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna mtu aliyeujua ukorofi wa fomu hizo, ni yeye.

Zilikuja kwa maboksi, rangi ya kijani, kila moja na namba yake nyekundu kwenye kona. Maswali yalikuwapo, mistari ilikuwapo, nembo ya serikali ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu. Watu walikuwa kwenye kompyuta yake, katika jedwali refu lenye mistari mia nne na ushei, kila mtumishi na mstari wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo, anwani, ndugu wa karibu. Kila mwaka watumishi wote walipewa Fomu ya Matibabu mpya, na kila neno lilipaswa kutua ndani ya kisanduku chake, si juu, si pembeni. Ukimweleza mtu wa nje atakwambia, hiyo nayo ni kazi? Mwachie printa ile nusu saa tu, atakuja kukuomba radhi.

Printa ilikuwa na tabia zake. Asubuhi kukiwa na baridi iliyavuta maandishi juu. Ikishapata moto iliyashusha. Karatasi za boksi moja zilikatwa tofauti na za boksi lingine, tofauti ya unene wa ukucha, lakini unene wa ukucha unatosha kuiweka tarehe ya kuzaliwa ya mtu juu ya mstari kama kuku juu ya ukuta. Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu halisi, Bwana Milimita alichapa kwanza kwenye karatasi nyeupe, akaiweka juu ya fomu, akavipeleka vyote viwili dirishani na kuvikandamiza kwenye kioo. Mwanga ulipopita, uongo wote ulijitenga. Alirudi kwenye jedwali, akapanua safu kidogo, akasogeza ukingo milimita moja, akachapa tena. Siku nyingine alikwenda dirishani mara thelathini. Waliopita uani walimwona pale, mikono juu, paji la uso kwenye kioo, wakadhani anatafuta njia ya kutoka.

Jina la Milimita alipachikwa na Mama Mhuri, na Mama Mhuri naye alipachikwa lake na jengo zima. Alikaa chumba cha pili. Kati yao palikuwa na ukuta, na ukutani tundu la mraba lisilo na mlango, kubwa kiasi cha sinia, la kupitishia fomu. Bwana Milimita alichapa, akapitisha. Mama Mhuri alisoma, akapiga mhuri. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani puani, na alizisoma fomu kama mama mkwe anavyokagua sufuria za mkaza mwana.

"Herufi imegusa mstari," alisema, na fomu ikarudi. "Rudia."

"Imegusa tu, Mama Mhuri. Haijavuka."

"Leo imegusa, kesho itavuka. Rudia."

Ukiondoa habari za asubuhi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa miaka tisa. Hayo, na ugomvi wa simu. Simu ya mezani ya Bwana Milimita ilikuwa na waya mfupi, kwa hiyo ilikaa pale pale kwenye ukingo wa tundu, na ilipolia Mama Mhuri aliruka kwenye kiti chake. "Pokea simu yako, inanitoboa masikio!" alifoka. Basi anapokea, ni mtu amekosea namba, siku inaendelea.

Mhuri wenyewe haukutoka ofisini. Mchana akienda kula aliufungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Kanuni iliruhusu kosa lirekebishwe kwa mkono, ukate kwa mstari mmoja, uandike juu, upige mhuri pembeni. Lakini Mama Mhuri hakuwahi kuitumia hata mara moja. Fomu iliyokatwa, alisema, ni sawa na sahani yenye ufa: utailia, lakini hutampa mgeni.

Sasa, Bi Jaribio.

Mtangulizi wa Bwana Milimita alizoea kujaribu printa kwa kuchapa herufi X mfululizo. Bwana Milimita aliona huo ni uvivu. X haina mkia. Majina ya watu yana j na g na p na y, herufi zinazoning'inia chini ya mstari, na hizo ndizo zinazoleta fitina. Kwa hiyo siku moja alizifuta X zote kwenye mstari wa kwanza wa jedwali na mahali pake akaandika mwanamke: majina matatu marefu, herufi thelathini na nane, mikia saba. Na kwa kuwa kila kisanduku kilihitaji kitu cha kujaribia, akampa tarehe ya kuzaliwa, akampa kazi ya upishi wa shule, akampa nyumba namba kumi na saba. Kisanduku cha ndugu wa karibu nacho kilitaka mikia, basi akalirudia jina lile lile, na Bi Jaribio akawa ndugu wa nafsi yake. Kwenye uhusiano aliandika "dada", kwa sababu ndilo neno la kwanza lililomjia. Kwenye namba ya simu aliandika ya simu yake mwenyewe, ile ya tunduni.

Ilikuwa kazi tu, mwanzoni. Lakini mtu akikaa na jina kila siku, jina nalo linaanza kukaa naye. Mwaka wa tatu alimhamisha Bi Jaribio kutoka nyumba namba kumi na saba hadi namba nane, karibu zaidi na shule, maana aliona safari ni ndefu kwa mwanamke wa umri ule. Mwaka wa sita alimpandisha cheo, msimamizi wa jiko. Asubuhi akiwasha kompyuta alisema, polepole, "Umeamkaje, dada?" kisha akatazama huku na huku kama mwizi.

Alikuwa mpweke. Neno hilo halina pambo. Na mkewe walishaachana zamani, bila watoto na bila matusi, na sasa mwanamke huyo alikuwa na nyumba yake na mume wake. Wazazi walikuwa wamekwenda njia ya wote. Alibaki kaka mmoja, aliyehamia mbali, na kaka huyo ndiye aliyekuwa kwenye kisanduku cha ndugu wa karibu miaka yote. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya, Bwana Milimita alimpigia kumjulia hali. Akapokea mtu mwingine, muuza mabati, aliyesema ana namba ile mwaka wa tatu sasa, na kwa kuwa amepiga, je, anahitaji mabati? Bwana Milimita alimshukuru. Kesho yake asubuhi alifungua jedwali, akalifuta jina la kaka, na uhusiano, na namba yake. Hakuwa mtu wa kuacha kitu kisicho kweli kwenye jedwali.

Karatasi za majaribio hakuzitupa. Alizipitisha tunduni, na Mama Mhuri akazitumia kujaribia mhuri wake, ajue kama wino umekolea. Siku moja, mwaka wa nane huo, sauti ilitoka upande wa pili.

"Naona Bi Jaribio amestaafu."

Bwana Milimita aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ni kweli, juma lile alikuwa amefuta "msimamizi wa jiko" na kuandika "mstaafu". "Nilikuwa napima urefu wa neno," alisema.

"Aa," alisema Mama Mhuri, na mhuri ukalia, pa. Bwana Milimita alijua amechekwa, na kwa miezi kadhaa hakumgusa Bi Jaribio hata nukta.

Basi mwaka huu jicho likaanza.

Alikuwa na jicho moja tu la kazi. La kushoto lilizima utotoni, kwa surua, na watu wengi hawakujua, maana lilikaa mahali pake kama mwenzake. La kulia ndilo lililosoma milimita. Sasa likaanza kuweka ukungu. Dirishani mstari mmoja ukawa miwili, kisha ukawa moshi. Fomu zilizorudishwa tunduni zikaongezeka: tano kwa siku, kumi, ishirini. "Rudia. Rudia. Bwana Milimita, leo unachapa kwa kisigino?" Mkuu wa ofisi alipita mara mbili kusimama nyuma ya kiti chake bila kusema kitu, na mkuu akisimama nyuma yako bila kusema kitu ujue maneno yanapikwa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Dogo hilo, linatolewa, unaona tena. Daktari bingwa wa macho huja mara mbili tu kwa mwaka. Nafasi ipo, ya siku kumi na mbili zijazo. Ukiikosa, ni miezi sita, na baada ya miezi sita jicho litakuwa limefunga kabisa.

"Ila baba," alisema daktari, "wewe una jicho moja. Tukilifunga bandeji, siku nzima utakuwa huoni kabisa. Hatukupokei bila ndugu wa kuja kukuchukua. Lete fomu yako ya matibabu imejaa, na huyo ndugu awe wa kweli, maana tutampigia kabla ya kukuingiza."

Alirudi ofisini akaketi. Mia nne na ushei, wote na ndugu zao. Alizipitia safu zile kwa jicho lililobaki: mke, mume, mama, mtoto, shangazi, binamu. Hata mlinzi wa getini, mtu asiyesalimia, alikuwa na ndugu watatu, na mmoja wao alimwongeza kwa penseli pembeni mwa fomu yake. Yeye hakuwa na wa kumwandika hata kwa wino wa kuazima.

Akaichapa fomu yake hivyo hivyo, kisanduku kitupu, aone itatoka vipi. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo angeweza kulisababisha yeye tu.

Jedwali lile lilikuwa na ugonjwa wa zamani: kisanduku kikiachwa kitupu, vilivyofuata vyote vilipanda nafasi moja. Mwaka mmoja mkuu wa idara alitoka kwenye printa akiwa na jinsia "saa mbili asubuhi". Bwana Milimita aliutibu ugonjwa huo kwa dawa yake mwenyewe. Aliiagiza kompyuta kwamba popote patakapokuwa patupu, ichukue kilichopo kwenye mstari wa kwanza ipazibe. Dawa ilifanya kazi kimya kimya, na kwa kuwa hakuna mtumishi aliyewahi kukosa ndugu, akaisahau.

Printa ikanguruma, fomu ikatoka ya moto. Akaipeleka dirishani. Jina lake juu, tarehe yake, cheo chake. Na chini, kwenye ndugu wa karibu, herufi thelathini na nane za Bi Jaribio, uhusiano dada, simu ya tunduni. Mikia yote saba ilining'inia ndani ya kisanduku bila kugusa popote. Haikuwa ajabu, vipimo vyote vya printa ile vilikatwa kwa mwili wake. Katika fomu zote za mwaka ule, hakuna iliyokaa vizuri kama ile.

Angeweza kuichana na kuchapa nyingine. Lakini achape nini?

Siku mbili aliiweka chini ya kibao cha kubonyezea herufi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alilijua hilo. Siku ya tatu alipiga moyo konde, akasogea tunduni. Alikuwa amepanga maneno. Mama Mhuri, nina shida kidogo, nahitaji mtu wa kunishika mkono siku moja tu. Maneno kumi na kitu, yangeenea kwenye mstari mmoja.

"Mama Mhuri."

"Eeh."

"Nina..."

"Hii ya mhasibu umeiona? Cheo kimegusa mstari." Fomu ikarudi tunduni. "Rudia. Ulikuwa unasemaje?"

"Nina wino mdogo," alisema Bwana Milimita. "Leo nitachelewa kidogo."

Alirudi kwenye kiti. Alijilaumu mpaka jioni. Miaka tisa wameishi ukuta kwa ukuta, na nje ya yaliyomo kwenye jedwali hajui mwanamke yule anaishije, anakula na nani, wala anacheka na nani. Utamwombaje mtu kama huyo aje kukushika mkono? Huwezi kuvuka miaka tisa kwa hatua moja.

Siku ya nne aliichomeka fomu yake katikati ya fomu sitini nyingine, kama mtoto anayeficha kikombe alichokivunja, akazipitisha zote. Upande wa pili mhuri ukaanza. Pa. Pa. Pa. Alizihesabu. Kwenye ya thelathini na moja mhuri ulisita. Kisha, pa. Ukaendelea. Jioni fomu zilirudi zote sitini na moja, na yake ilikuwa na mhuri wa zambarau, duara kamili, haujainama. Hakusoma, alijiambia. Amechoka, hakusoma. Alifurahi, na baada ya kufurahi akahisi mpweke kuliko siku zote, maana hata mtu mmoja aliyekuwa akimsoma naye ameacha.

Siku ya upasuaji ilifika. Alikwenda mwenyewe, mkoba mdogo mkononi, nguo moja ya kubadilisha. Walimvalisha vazi la kijani linalofungwa nyuma, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, akawa wa tatu kwenye foleni. Mbele yake mzee mmoja alikuwa amezungukwa na mabinti wanne, wote wanaongea kwa pamoja, na mzee anawafokea wanyamaze. Bwana Milimita aliwasikiliza kwa kijicho cha wazi kabisa.

Muuguzi alikuja na faili, msichana mchangamfu, kalamu sikioni.

"Haya baba, zamu yako inakaribia. Tumpigie dada."

"Mara nyingi hapokei," alisema Bwana Milimita. "Masikio yake..."

"Tutajaribu. Asipopokea, pole sana, tutampa nafasi mwingine. Ndiyo utaratibu."

Alibonyeza namba, moja moja, na Bwana Milimita alizijua zote kabla hajazibonyeza. Alijua pia simu hiyo inakokwenda. Inakwenda kwenye chumba kilichofungwa, kiti kimesukumwa chini ya meza, pazia nusu. Italia mpaka ichoke. Alifumba jicho lake, akatafuta maneno ya kumwambia msichana yule kwamba hana dada, hajawahi kuwa naye, aliyemo humo ni mwanamke wa kujaribia mashine.

Simu iliita mara moja. Haikumaliza ya pili.

"Haloo?" alisema muuguzi. "Samahani, naongea na Bi..." akalisoma jina lile, majina yote matatu, mpaka mkia wa mwisho. Akasikiliza. "Ndiyo... ndiyo, ni leo... Hajambo, yupo hapa amelala... Saa nane, dada. Sawa. Sawa, nitamwambia." Akakata. "Anakuja. Anasema nikwambie umeiacha printa bila kuifunika, vumbi linaingia."

Bwana Milimita alibaki mdomo wazi. Hata walipoanza kukisukuma kitanda alikuwa bado hajaufunga.

Humo ndani, chini ya taa kali, jicho likiwa limekufa ganzi na mikono ya watu ikipita juu yake, hakuliwaza jicho. Alimwaza Mama Mhuri. Ndiye mtu mkali kuliko wote katika jengo lile. Aliwahi kumrudisha mkuu wa idara kwa ajili ya nukta. Sasa ameshika ushahidi. Mtumishi wa serikali amemwandika mtu asiyekuwapo kwenye fomu yenye namba, akamchomeka katikati ya wengine ili mhuri umpite. Anakuja, ndiyo, lakini anakuja kama nani? Akija kama mhuri, kazi imekwisha, na jicho jipya atalitumia kutazama dari.

Walimfunga bandeji, wakamrudisha wodini. Giza lilikuwa giza kweli, halina kona. Mabinti wanne walimchukua mzee wao wakaondoka na kelele zao. Kitanda cha pili kikachukuliwa, na cha tatu. Alisikia kila mtu akiitwa, akiinuliwa, akiulizwa kama ana kiu. Hakujua ni saa ngapi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba juu ya mapaja, akajiona kama boksi lililosahauliwa kwenye ghala.

Kisha akasikia viatu. Kisigino kimoja kilikuwa kimelika upande, kilipiga sakafu kwa kuburura kidogo, na hatua hizo alizisikiliza kupitia ukutani miaka tisa, kila asubuhi na kila jioni. Zilisimama mbele yake.

"Wamekufunga kama kifurushi," ilisema sauti ya Mama Mhuri.

"Mama Mhuri, naweza kueleza."

"Ulikuwa na siku nane za kueleza."

Alikaa kando yake, godoro lilizama. Bwana Milimita hakujua aelekeze uso wapi.

"Uliisoma," alisema.

"Mimi husoma kila kitu. Niliisoma, nikaipiga mhuri, nikasubiri useme. Kila ukisogea tunduni nasema sasa, leo anasema. Unaniambia tena habari za wino." Alivuta pumzi kwa nguvu. "Leo nimekaa na ile simu yako mapajani tangu asubuhi. Nikanyoosha mkono tunduni, nikaivuta na waya wake. Nusura niung'oe."

Bwana Milimita karibu acheke.

"Nilifikiri utanishitaki."

"Nilifikiri hivyo pia. Siku mbili nzima." Mahali fulani kigari cha vyombo kilipita kikigongana. "Fomu yangu mimi umeichapa mara ngapi?"

"Kila mwaka. Mara tisa."

"Ndugu wa karibu ni nani?"

Hakuhitaji jedwali. "Mama yako mzazi."

"Mama alifariki mwaka juzi. Nilichukua likizo ya siku nne, mkadhani naumwa mafua. Nikarudi, nikakuta fomu mpya, umeichapa, mama yangu yupo mle ndani. Nikaisoma. Hakuna herufi iliyogusa mstari. Nikasema niirudishe, nimwambie Milimita amtoe mama." Sauti ilikuwa imepungua sana. "Amtoe, amwandike nani? Nikaipiga mhuri."

Bwana Milimita aliikumbuka fomu ile. Alikumbuka hata alivyoridhika nayo dirishani, akaipitisha tunduni kwa fahari. Alinyoosha mkono gizani akautafuta wa mwenzake. Akagusa kwanza mkoba, kisha kiwiko, kisha vidole. Mama Mhuri hakuviondoa.

Muuguzi alifika, faili zikigongana kifuani. "Ndiye dada huyu? Karibu. Saini hapa, dada, halafu mnaweza kwenda."

"Subiri kwanza," alisema Mama Mhuri, na sauti yake ikawa ile ya tunduni. "Hii fomu ina kosa. Jina hili si langu. Huyu Bi ni mtu mwingine, amestaafu. Naomba kalamu."

"Lakini dada, fomu ikikatwa..."

"Inakatwa kwa mstari mmoja, jina sahihi linaandikwa juu, mhuri pembeni. Kanuni naijua kuliko aliyeitunga." Zipu ya mkoba ilifunguka. Kitu kizito kikawekwa juu ya karatasi, na Bwana Milimita aliutambua kwa mlio wake.

"Umeutoa ofisini," alinong'ona.

"Nyamaza, wewe ni mgonjwa."

Kalamu ilikwaruza mara moja, ndefu: hapo Bi Jaribio ameondoka, na nyumba yake namba nane, na jiko lake. Ilimuuma kidogo, hawezi kusema uongo. Kisha kalamu ikaanza kuandika, ikaandika, ikasimama.

"Na simu?" aliuliza Bwana Milimita.

"Ya kwangu, ya mkononi. Uhusiano sijaugusa. Nimeuacha ulivyouandika." Mama Mhuri akaguna. "Jina langu nalo ni refu. Kisanduku chako kimelikataa. Limevuka mstari."

"Limevuka sana?"

"Limeingia kwa jirani kabisa. Nikaombe karatasi nyingine?"

Bwana Milimita aligeuza uso wake uliofungwa kuelekea sauti ilikotoka. Miaka kumi na tisa alikuwa amewasogeza watu milimita moja kushoto, milimita moja chini, wasije wakamgusa mtu.

"Usirudie," alisema.

Mhuri ukatua. Kisha Mama Mhuri akauweka mkono wa Bwana Milimita kwenye kiwiko chake, akamwambia ngazi ziko kumi na mbili, wakaanza kushuka.